Mmenya Mawe

Chumba alichofanyia kazi marehemu kwa miaka ishirini na tisa kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maabara, nyuma ya mlango wa chuma uliohitaji kusukumwa kwa bega. Ndani kulikuwa na kinu cha umeme cha kusagia mawe, msumeno, sinki pana lililobabuka, tanuri la kukaushia lenye ukubwa wa kabati la vyombo, na meza ya mbao aliyoipiga msasa mwenyewe. Dirisha halikuwapo. Palikuwa na feni ya kutoa vumbi, ambayo siku nzuri ilifanya kazi na siku mbaya ilipiga kelele tu.

Kazi yake ilikuwa hii. Watu waliochimba chini ya ardhi na chini ya bahari kutafuta mafuta walileta vipande vya mwamba, vingine vigumu kama chuma, vingine tope tu lililoshikamana. Yeye alivimenya, akaviosha, akavikausha, akavisaga viwe unga laini kama poda ya mtoto, akautia unga kwenye vichupa na kuvipandisha ghorofani. Huko wataalamu waliuchoma kidogo kidogo ndani ya mashine, wakasoma kilichotoka kwenye moshi wake, kisha wakasema kama mwamba ule ungeweza kuzaa mafuta au ni jiwe la kujengea ukuta. Wataalamu walikuwa na shahada. Yeye alikuwa na cheti cha kidato cha nne na mikono ambayo haikutetemeka.

Kumenya ndiko kulikompa jina. Mwamba ukitolewa chini kwa bomba hutoka kama mshumaa mnene. Ngozi yake ya nje imeshagusana na bomba, na maji ya kuchimbia, na grisi inayopakwa kwenye maungio ya mabomba yasikwame. Marehemu alikuwa akiichonga ngozi hiyo yote kwa kisu, upana wa kidole, anaitupa, anabaki na moyo wa kipande. Hakuna aliyemfundisha kumenya hadi kiasi kile. Alisema tu kwamba Mungu ameandika humo ndani, na kazi yake yeye ni kutochafua ukurasa. Basi jengo zima likamwita Mmenya Mawe.

Kila asubuhi alivaa koti lake la kijivu, akainamisha kichwa mbele ya kinu, akasema maneno machache kimoyomoyo, ndipo akabonyeza kitufe. Mama aliyepima uzito wa vichupa katika chumba cha jirani, ambaye kila mtu alimwita Bibi Mizani, alimkuta hivyo mara nyingi.

"Unayaombea mawe yafe vizuri?"

"Najiombea mimi. Yenyewe yalikufa zamani."

"Na leo umepika nini, Mmenya Mawe?"

"Kokoto za kukaanga. Lete sahani."

"Nimebakiwa na meno ya kuhesabika, unataka kunimalizia."

Ndivyo walivyoishi. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito ya kusoma masomo, na ndiye aliyeshika kikapu cha mkate wakati wa meza ya Bwana. Watu walimtania kwamba yeye anasaga mawe ya mamilioni ya miaka halafu anakuja kusoma habari za siku sita. Alijibu kuwa Mungu hana saa ya ukutani, akacheka peke yake.

Mkewe alikuwa mshonaji. Miaka kumi kabla marehemu hajastaafu figo zake zilishindwa kazi, na tangu hapo alipelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Matibabu hayo yaligharamiwa na mwajiri wa mumewe, kwa kadi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa saa nne amefungwa kwenye mirija. Siku nyingine, akiwa na nguvu, alishona sare za shule kwenye baraza la nyumba yao ya vyumba vitatu, mguu mmoja kwenye pedeli na mwingine umevimba juu ya kiti.

Mkuu wa maabara aliitwa Daktari na kila mtu. Alikuwa mdogo kwa marehemu kwa miaka kumi na mitano, hodari, msemaji mtamu, na kwa muda mrefu alimheshimu mzee wake wa chini ya ngazi. Alikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi, nalo ni tope la bahari ya ncha ya kaskazini ya dunia. Miaka sita aliandika barua kuomba wenye meli za kuchimba kule wampe vipande kidogo avipime. Siku sanduku lilipofika limezungushiwa barafu bandia, alilibeba mwenyewe ngazi nzima, shati jeupe likalowa. Ndani mlikuwa na vipande arobaini vyeusi, kila kimoja hakizidi kiberiti.

Jioni hiyo marehemu aliketi kando ya kitanda cha mkewe, ambaye alikuwa ametoka kwenye mashine na uso umemparara.

"Mama watoto, unajua kule kwenye ncha ya dunia palikuwa na joto?"

"Kule kwenye barafu?"

"Barafu ni ya juzijuzi. Zamani, miaka karibu milioni hamsini, bahari ile ilikuwa imezibwa na nchi kavu kama bwawa. Maji matamu ya mito yakakaa juu, ya chumvi yakakaa chini. Vijani vya majini vikaota vikatanda kama zulia. Vinakufa, vinazama. Kule chini hakuna hewa, basi havikuoza. Vikarundikana, tope jeusi tii."

"Na tope ndiyo mafuta?"

"Bado. Ni kama unga. Likifukiwa chini sana likapata joto la ardhi kwa miaka mingi, linaiva, linatoa mafuta. Hili la kwetu halikufika kina hicho. Bichi."

Mkewe alifumba macho. "Kwa hiyo mmebeba unga mbichi kutoka mwisho wa dunia. Na mimi nikikutuma sokoni unasema mgongo unauma."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilikuwa kimeshaanza wakati huo, lakini nani wa kukisikiliza katika nyumba yenye mgonjwa mkubwa zaidi.

Asubuhi alipanga vipande mezani, akanoa kisu. Daktari akaingia akamshika mkono.

"Hivi usimenye, mzee."

"Nisimenye?"

"Kipande chenyewe kama kiberiti. Ukichonga upana wa kidole kila upande utabaki na nini? Kila gramu ninaihitaji."

"Basi nichonge kwa kukwangua tu. Hivi vimekatwa ukingoni, Daktari. Moyo wamebaki nao wenyewe, sisi wametuletea ngozi."

"Nimeomba miaka sita. Kausha, saga, panda navyo juu."

Kesho yake marehemu alijaribu tena. Alipanda ghorofani na kipande cha kumi na saba mkononi, akakipeleka mbele ya pua ya Daktari katikati ya watu. "Nusa. Hili ni gereji, siyo bahari."

"Mzee wangu, pua si kifaa cha maabara," Daktari akasema kwa upole, na waliokuwepo wakacheka.

Akashuka. Kwenye daftari la siku, ambamo kila kazi ya chumba kile iliandikwa, akaandika kwa herufi zake za kulala: vipande arobaini, havikumenywa, kwa agizo la mkuu. Kisha akasaga vyote. Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na hakulikana hata siku moja. Mkono uliosaga ni wake. Alikuwa amelelewa kumtii aliye juu yake, kanisani, kazini na popote, na kutii kulikuwa hakujawahi kumponza.

Mashine ya ghorofani ilichora mstari kwenye karatasi kwa kila kichupa. Mstari ule hupanda vilima viwili. Kilima cha kwanza ni mafuta ambayo tayari yamo ndani ya mwamba. Cha pili ni yale ambayo mwamba ungeweza kuyatoa kama ungepikwa. Tope bichi hutakiwa kuwa na kilima cha pili, ila cha kwanza kiwe kichuguu tu. Vile vichupa vya ncha ya dunia vilitoa kilima cha kwanza kirefu kama mnara, hasa kuanzia cha kumi na tano hadi cha thelathini. Marehemu alikuwa amepeleka vichupa vingine juu akaiona karatasi imebandikwa ukutani, watu wameizunguka kama harusi.

Alingoja watu wapungue.

"Daktari, tope bichi limetoa wapi mafuta yaliyoiva?"

"Swali zuri sana," Daktari akasema, macho yanang'aa. "Hayakutoka kwenye tope lenyewe. Yamepanda kutoka chini. Maana yake kule chini kuna mwamba mwingine, mkongwe, ulioiva, unaotoa mafuta. Unaelewa uzito wake? Chini ya ile bahari yote."

"Au ni grisi."

Daktari akagusa ukingo wa karatasi ile. Huenda saa ile ile alijua. Mungu ndiye ajuaye. Marehemu alisema siku zote kwamba aliona kitu kikipita usoni mwake, halafu kikafutika.

"Waombe wakupe kimoja tu cha moyoni," marehemu akaendelea. "Nikimenye, nikisage, tulinganishe. Wiki moja."

"Mzee, makala inakwenda Ijumaa."

Ikaenda. Ikachapishwa katika jarida kubwa la nje. Wageni wakaja wakapigwa picha na mashine, Daktari akasafiri kwenda kuhutubia, jengo likapakwa rangi mpya hadi ngazi ya mwisho, na feni ya chini haikuguswa. Katika makala mlikuwa na majina ya watu tisa. La aliyesaga halikuwemo. Bibi Mizani aliudhika kwa niaba yake.

"Hata mimi wamenisahau, na mimi ndiye niliyepima kila punje."

"Afadhali," akasema marehemu. "Siku itakayoanguka tutakuwa mbali."

Alikosea, maskini ya Mungu.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, maabara nyingine ya mbali ilipima tope la mahali pale pale. Wao walichukua moyo. Kilima cha kwanza hakikuwepo. Kilichobaki kilikuwa tope la kweli la bahari ile ya kale, lenye mabaki mengi ya mimea, ambalo lingeweza kutoa kitu kama lingepikwa na halijapikwa. Tena wakaomba unga uliobaki wa kwetu, wakakuta chembe za madini yanayotiwa kwenye grisi ya mabomba. Waliandika kwa adabu wakiuliza vipande vilitayarishwaje.

Marehemu aliitwa ghorofa ya tatu siku ya Jumanne. Chumbani walikuwa wawili, Daktari na afisa utumishi, mwanamke mwenye miwani aliyewahi kushonewa gauni na mkewe.

"Karibu mzee, keti," afisa akasema.

"Nimezoea kusimama."

"Keti bwana, usitusimamie kama nguzo."

Akaketi. Afisa akamsukumia karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, jina lake kamili, la kwake, la baba na la babu, aliacha kumenya vipande arobaini kwa uzembe wake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, akajua kosa na kulificha.

Aliisoma mara mbili. "Hili si kweli."

"Lipi si kweli? Ulivimenya?" afisa akauliza.

"Sikuvimenya. Nilikatazwa. Daftari la siku lipo, nimeandika."

Afisa akavua miwani. "Daftari la mwaka ule tumelitafuta, mzee. Halipo."

Marehemu alimtazama Daktari. Daktari alikuwa anatazama dirishani, kwenye maegesho ya magari, kama mtu anayemngoja mgeni.

"Daktari, sema."

"Niseme nini, mzee wangu? Hii maabara ina watu sabini. Wanakula kwa jina lake. Mimi nikianguka inafungwa. Wewe huna jina kwenye makala, unastaafu karibuni, nani atakujua?"

"Mungu ananijua."

"Huyo anajua ukweli, hana haja ya karatasi," Daktari akasema, na hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayejituliza mwenyewe.

Afisa utumishi akaeleza taratibu kwa sauti ya chini. Akikubali, atapewa onyo, atahamishiwa stoo, atastaafu salama, na kadi ya matibabu itaendelea kwake na kwa mkewe hata baada ya kustaafu, maisha yao yote. Akikataa, itabidi iwe kesi ya nidhamu, na kesi ya nidhamu bila daftari anajua itaishia wapi. Ataachishwa.

"Na kadi?"

"Kadi inafungwa siku hiyo hiyo. Siyo mimi, mzee. Mfumo wenyewe unafunga."

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Alifikiri mkewe anafika kwenye kile kiti cha hospitali, ananyoosha mkono, na muuguzi anamwambia kadi haisomi. Mtu mwenye figo zile, mashine ikisimama, hana mwezi. Alijua hesabu hiyo kama alivyojua nyuzi za tanuri lake.

"Naomba mfute maneno manne," akasema. "Hapa, 'bila kuagizwa na mtu'. Mengine nitayatia sahihi. Mkono ni wangu kweli."

Daktari ndiye aliyejibu. "Hayo ndiyo yenyewe, mzee."

Akatia sahihi. Afisa alimwambia asante, halafu akaona aibu ya neno hilo akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Miezi mitatu baadaye jarida lile lilichapisha taarifa ya masahihisho, mistari kumi na moja, na jina la marehemu likawemo, kamili, la kwake, la baba na la babu. Ndiyo mara pekee maishani mwake jina lake kuchapishwa mahali.

Stoo alikaa miaka miwili, akipanga masanduku na kufagia. Bibi Mizani alijaribu kumtania siku za mwanzo, akaona anajibu kwa kichwa tu, akaacha. Chumba cha chini ya ngazi alipewa mtu mwingine ambaye hakumenya chochote zaidi ya kukwangua, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Nyumbani hakusema. Alimwambia mkewe amehamishwa kwa ajili ya kikohozi, naye mkewe akaamini. Lakini Jumapili iliyofuata, watu walipoalikwa kwenye meza ya Bwana, hakuinuka. Mkewe akamgusa bega. Akatikisa kichwa. Jumapili nyingine hivyo hivyo. Akaomba kupumzishwa uzee wa kanisa, akaacha kusoma masomo. Alikuja kila wiki, akaketi safu ya nyuma karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mbele alibaki ameshika magoti yake. Mchungaji alimwendea nyumbani mara mbili, akamkuta mkarimu, mcheshi kidogo, aliyefungwa kama kopo.

Kanisa lina midomo. Mtu akiacha meza watu hutafuta dhambi inayotosha, na ya kwanza wanayoifikia ni mwanamke. Ikasemwa ana nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Maneno hayo yalimfikia mkewe kwenye baraza, kwa mteja aliyeleta sketi ipunguzwe.

Alikaa nayo muda mrefu. Alimpikia, akamfulia, akamkagua mifuko. Marehemu akastaafu, akawa nyumbani kutwa, na bado hakwenda mezani. Kikohozi sasa kilikuwa kinamkunja. Walipompiga picha ya kifua, daktari wa hospitali alionyesha mapafu yaliyojaa madoa meupe, akauliza alikuwa anafanya kazi gani. Aliposikia akasema pole, vumbi la mawe halitoki. Siku hiyo waliporudi, mkewe hakungoja hata avue viatu.

"Sasa unakufa. Hilo tumeambiwa. Naomba uniambie, ni nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyekuzuia kwenda mezani miaka minne. Usinivalie miwani ya mbao, baba watoto. Nimechoka."

Marehemu akaanza kucheka, cheko la kweli, la kwanza tangu siku nyingi, mpaka likageuka kikohozi na akalazimika kushika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Mwanamke mwenyewe ni wewe."

Akamweleza yote, akiwa ameketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Agizo, kisu kilichorudishwa mezani, daftari, karatasi, maneno manne. Kwamba alitia sahihi uongo mbele ya Mungu, na hawezi kuutubu kwa sababu kutubu ni kwenda kuufuta, na kuufuta ni kuifunga kadi. Kila wiki angesema amejuta, na kila Jumatatu angempeleka kwenye mashine kwa uongo ule ule. "Sasa nile mkate wa Bwana kwa mdomo gani?"

Mkewe akasema, "Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

"Ningekwambia uniache nife, ubaki na jina lako."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Hapo pangefaa kuandika kwamba walikumbatiana. Haikuwa hivyo. Mkewe alikasirika hasira ambayo binti yao, aliyekuja kuwauguza wote wawili, hakuwahi kuiona. Alisema amefanywa mwizi bila kujua. Alisema miaka minne amemhukumu mtu kwa uzinzi na yeye akamwacha ahukumu. Siku tisa hakumsemesha ila kwa maneno ya dawa na chakula. Na siku ya kumi asubuhi marehemu aliamka hawezi kumaliza sentensi, akawekewa oksijeni, na kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa ya upande mmoja. Mkewe aliongea sana wakati huo. Alimshika ule mkono wenye nyufa nyeusi zisizotoka kwa sabuni na akamwambia aliyomwambia. Kama aliyasikia, ni siri yake na Muumba wake.

Mchungaji alileta mkate na kikombe hospitalini. Mkewe ndiye aliyemweleza kwa nini. Mchungaji akalia, akasema Mungu anaona moyo, akamwekea marehemu chembe kwenye ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu. Hawakuweza kujua kama aliipokea au ilibaki hapo. Alifariki alasiri ya siku hiyo, na mkewe, ambaye tangu miaka kumi na miwili nyuma ndiye aliyetazamiwa kufa kwanza, ndiye aliyemfunga kidevu. Mungu amlaze mahali pema.

Kwenye mazishi maabara ilituma basi zima. Daktari alikuja na suti nyeusi, akaketi safu ya pili. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi kote. Bibi Mizani alikaa nyuma, akilia bila kificho. Ilipofika zamu ya salamu za rambirambi, afisa utumishi alisimama na barua yenye nembo ya ofisi. Alisoma miaka ya utumishi, uadilifu, ucheshi. Kisha akasoma: "Tutamkumbuka hasa kwa unyenyekevu wake, kwani alipokosea alikuwa mwepesi wa kukubali kosa lake hadharani, akatufundisha sote..."

Mkewe aliinuka. Miguu ilikuwa imevimba na binti alitaka kumshika, akausukuma mkono wake. Alitembea hadi mbele, akaichukua barua mikononi mwa afisa, polepole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akaikunja.

"Kosa hakulifanya," akasema. Sauti haikuwa kubwa. "Aliambiwa asimenye. Aliyemwambia yuko hapa, ameketi. Mume wangu alisema uongo mmoja, ili mimi nisife. Mimi ndiye niliyeula huo uongo, mnaniona nimesimama. Sitaki azikwe nao."

Watu wa kanisa hawakujua kumenya ni nini. Watu wa maabara walijua, na kila mmoja alikuwa ameinamia viatu vyake. Daktari hakuinuka wala hakutoka. Alikaa mikono imefumbatana, na mtu aliyemtazama angedhani anasali. Labda alikuwa anasali. Shangazi mmoja wa upande wa marehemu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mumpe kiti, huzuni imempanda kichwani," na neno hilo likapita safu kwa safu, watu wakalishika kwa shukrani, kwa sababu lilikuwa rahisi kubeba. Mwimbishaji akaanza wimbo. Wakaimba beti zote. Wakazika.

Karatasi ile bado imo kwenye faili ghorofa ya tatu, na mistari kumi na moja bado imo kwenye jarida. Mchungaji aliandika barua kuomba irekebishwe. Akajibiwa kuwa mhusika mwenyewe ametia sahihi, na mwingine hawezi kuitengua kwa niaba yake.

Mazishi yalikuwa Jumapili. Jumatatu ilikuwa siku ya mashine. Mjane alimwambia binti haendi, akageukia ukuta. Binti hakubishana naye. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia tu kwamba baba aliuza kila alichokuwa nacho kwa ajili ya kile kiti cha hospitali, na kikikaa kitupu leo atakuwa ameuza bure. Wakakaa hivyo hadi saa tatu. Kisha mjane akaomba viatu.

Njiani, badala ya kusali kama ilivyo desturi yake, alitazama nje. Hospitalini kadi bado ilisoma; muuguzi alimpa pole, akamfunga mkono, akaweka sindano, na damu ikaanza kuzunguka kwenye mirija.

"Unajisikiaje leo, mama?"

"Endelea na kazi yako, mwanangu," akasema. "Mimi nimeletwa tu."